Nani Alikula Faida ya Taco?

Mwaka 1975, katika kitongoji cha Richfield nje kidogo ya Minneapolis, jimboni Minnesota, wanaume wawili walianzisha mgahawa wa chakula cha Kimeksiko. Minnesota iko kaskazini kabisa mwa Marekani, inapakana na Kanada, na majira ya baridi maziwa yake huganda hadi watu huendesha magari juu ya barafu. Mmoja wa wale wawili, Marno McDermott, alikuwa mzoefu wa biashara ya migahawa na alishawahi kuuza taco za haraka haraka. Mwenzake, Max McGee, alikuwa mchezaji mstaafu wa Green Bay Packers, timu ya soka la Kimarekani. Wamarekani wa rika lake walimkumbuka kwa kisa kimoja: Januari 1967, siku ya Super Bowl ya kwanza, fainali ya mchezo huo, aliingia uwanjani na usingizi machoni kwa kuwa alikesha akistarehe, akijua hatachezeshwa. Mwenzake akaumia mapema, McGee akaazima helmeti, akaingia, na ndiye aliyefunga touchdown ya kwanza katika historia ya fainali hizo. Mgahawa wakaupa jina la mke wa McDermott: Chi-Chi's.

Wateja wa Richfield wengi walikuwa wajukuu wa wahamiaji kutoka Sweden, Norway na Ujerumani, watu waliolelewa kwa viazi na samaki. Walipoketi waliletewa kikapu cha chipsi za mahindi na bakuli la salsa, mchuzi wa nyanya na pilipili, kabla hata ya kufungua menyu. Kikafuata kinywaji cha barafu chenye chumvi ukingoni mwa glasi, kisha sahani pana iliyosheheni taco, enchilada, wali mwekundu na maharage ya kupondwa chini ya jibini iliyoyeyuka. Ukali wa pilipili ulikuwa umepunguzwa hadi mtoto akaumudu. Bei haikutisha, wala hakuna aliyemtazama vibaya baba aliyeingia na watoto wanne wenye kelele. Miaka 20 baadaye Chi-Chi's ilikuwa na matawi zaidi ya 200.

Kila kitu kilichokuwa juu ya meza ile kilikuwa na mwanzo wake mahali fulani, mkononi mwa mtu fulani, na wengi wa watu hao tunawajua kwa majina. Wachache kati yao walitajirika. Mjadala uliozoeleka kuhusu migahawa hii ni kama chakula chake ni cha Meksiko kweli au ni cha kuigiza, na nitaugusa mbele kidogo, lakini naona unatupotezea muda. Mimi, linalonivutia zaidi ni daftari la mapato.

Tuanzie San Antonio, Texas. Mji huu ulikuwa wa Hispania, kisha wa Meksiko hadi 1836, na ni mkongwe kuliko taifa la Marekani. Mwaka 1731 serikali ya Hispania ilileta hapo familia kutoka visiwa vya Canary, karibu na pwani ya kaskazini-magharibi mwa Afrika. Wapo wanaosema kuwa ni familia hizo zilizozoesha watu kutia bizari nyembamba kwa wingi kwenye mchuzi wa nyama. Iwe kweli au la, bizari hiyo ndiyo mpaka: mtu wa Meksiko ya ndani akionja chakula cha Texas hujua mara moja kuwa hakijapikwa kwao.

Katika karne ya 19 wanawake wa Kimeksiko wa mji huo walipika chili con carne na kuiuza usiku katika uwanja wa Military Plaza. Nyama ya ng'ombe ilikatwa vipande vidogo, ikapikwa na pilipili kavu zilizolowekwa na kusagwa, kitunguu saumu na bizari. Jua likizama walifika na vyungu, meza na mabenchi, wakawasha taa na moto wa kuni, na harufu ikafanya kazi ya mpiga debe. Baada ya reli kufika San Antonio mwaka 1877, askari na wachunga ng'ombe waliokuwa wateja wa kila siku walijikuta wakigombea nafasi na watalii. Mwandishi Stephen Crane alipita mwaka 1895 na akaondoka akisimulia ukali wa chakula kile. Magazeti yaliwaita wanawake hao malkia wa chili, na ukisoma habari za zama hizo utaona waandishi walishughulika zaidi na macho na mavazi ya wauzaji kuliko kilichokuwa chunguni. Majina yao hayakuandikwa ila kwa nadra. Umalkia bila jina ni cheo cha ajabu.

Waliondolewa uwanja baada ya uwanja. Jengo la baraza la mji lilipojengwa katikati ya Military Plaza, walihamia viwanja vingine. Katika miaka ya 1930 idara ya afya iliwabana: vyombo havikuoshwa ipasavyo, ilisema, na wakalazimishwa kuuza ndani ya mahema yenye wavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha. Wakati huohuo chakula chao kilikuwa kimeshapata wenye nacho wengine. Mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa William Gebhardt, aliyekuwa na mgahawa New Braunfels karibu na San Antonio, aligundua miaka ya 1890 kuwa akikausha na kusaga pilipili pamoja na viungo vingine, mteja wa mbali anaweza kupika chili bila kumjua Mmeksiko hata mmoja. Aliweka unga huo kwenye chupa, akajenga kiwanda San Antonio, na kampuni yake ikaja kuuza chili ya kopo nchi nzima.

Mwaka 1900 Otis Farnsworth, Mzungu, alifungua mgahawa katikati ya San Antonio alioupa jina la Original Mexican Restaurant. Alikuwa ameona matajiri wa Kizungu wakivuka mji kwenda kula mtaa wa Wameksiko, akaona ni busara kuwaletea chakula hicho karibu, juu ya meza zenye vitambaa, na wanaume wavae koti. Vyakula ambavyo Mmeksiko angekula siku tofauti alivipanga pamoja katika sahani moja ya bei moja. Sahani hiyo ya mchanganyiko ndiyo baba wa zile tunazoziona leo zimepewa namba kwenye menyu, ili mteja asihangaike kutamka majina. Mpishi aliyepika sahani ya kwanza simjui, na sijamwona anayemtaja.

Hata hivyo si kila aliyeanza na chungu aliishia na chungu. Adelaida Cuellar, mhamiaji kutoka kaskazini mwa Meksiko na mama wa watoto 12, aliuza tamale na chili kwenye maonyesho ya wilaya ya Kaufman, Texas, mwaka 1926. Wanawe walifungua mgahawa wa El Chico huko Dallas mwaka 1940, na El Chico ikaenea kusini mwa Marekani. Mjini humohumo Miguel Martínez alikuwa ameshafungua El Fenix mwaka 1918. Kwa familia hizi mbili wakazi wa Dallas walizoea jambo ambalo kwa wengi wa Marekani lilikuwa bado geni: jioni ya mwisho wa wiki, familia nzima ya Kizungu kwenda kula kwa Mmeksiko na kuona ni kawaida.

Magharibi zaidi, California, kuna barabara moja inayostahili tusimame kwa muda. Mount Vernon Avenue iko upande wa magharibi wa mji wa San Bernardino, ng'ambo ya reli, upande ambao Wameksiko waliishi kwa sababu kwingine hawakutakiwa. Barabara kuu ya Route 66 ilipita hapo. Mwaka 1937 Lucia Rodríguez na familia yake walifungua Mitla Café. Taco zao zilikuwa za kukaangwa: chapati nyembamba ya mahindi, yaani tortilla, inakunjwa ikiwa na nyama, inazamishwa kwenye mafuta hadi iwe ngumu na ya dhahabu, kisha inajazwa saladi, nyanya na jibini ya njano iliyokwaruzwa. Jibini ya njano haikuwa ya Meksiko. Ndiyo iliyopatikana dukani California, na mpishi mzuri hupika kwa alichonacho.

Mitla haikuwa mahali pa kula tu. Mapema miaka ya 1940 bwawa la kuogelea la mji, lililojengwa kwa kodi ya watu wote, liliwafungia Wameksiko mlango. Waliokutana kupanga namna ya kulipinga jambo hilo walikutana Mitla. Mwaka 1944 kesi yao, Lopez dhidi ya Seccombe, iliamuliwa kwa upande wao katika mahakama ya shirikisho, na ikawa mojawapo ya ngazi za awali kuelekea hukumu zilizovunja ubaguzi wa shule California na baadaye nchi nzima.

Ng'ambo ya barabara, vita vilipokwisha, askari wa zamani wa jeshi la majini aliyeitwa Glen Bell alikuwa na kibanda cha soseji na baga. Aliona foleni ya Mitla haikatiki. Akawa mteja wa jioni baada ya jioni, anakula taco na kujaribu kufumbua zimetengenezwaje, hadi wenyeji wakamkaribisha jikoni wakamwonyesha. Ni katika mji huohuo ndugu wa McDonald walikuwa wakibuni jiko linalotoa baga kama kiwanda kinavyotoa misumari, na Bell alikuwa akiwatazama nao pia. Tatizo lake lilikuwa muda: kukaanga taco moja moja kunachelewesha. Alimpelekea fundi wa kutengeneza vizimba vya kuku mchoro wa fremu ya waya ya kukaangia tortilla nyingi kwa mpigo, zikitoka zimekunjwa tayari. Alianza kuziuza kwa senti 19. Mteja wa kwanza, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alijimwagia mchuzi kwenye tai. Bell alidhani amempoteza, kumbe yule alirudi dirishani kuagiza nyingine.

Mwaka 1962 alifungua Taco Bell ya kwanza huko Downey, kusini mwa Los Angeles. Mwaka 1978 aliiuzia PepsiCo kampuni yenye matawi zaidi ya 800. Mitla Café bado iko Mount Vernon Avenue, bado ni mali ya familia, na bado ni mgahawa mmoja. Wenyewe hawajaonekana kuwa na kinyongo. Mimi ninacho kidogo kwa niaba yao.

Mtu anaweza kusema kosa lao lilikuwa kutojilinda kwa sheria. Basi amtazame Juvencio Maldonado, Mmeksiko aliyekuwa na mgahawa uitwao Xochitl mjini New York. Yeye alibuni kifaa cha kukaangia ganda la taco ili wapishi wasiungue vidole, akakipeleka serikalini, na mwaka 1950 akapewa hataza yenye jina lake. Karatasi aliipata. Utajiri wa ganda gumu ukaenda kwa watu waliokuwa na mikopo ya benki, viwanja kando ya barabara kuu na wateja wenye magari.

Kinachotenganisha mgahawa wa kukaa mezani na dirisha la Taco Bell ni starehe, na starehe ya Kimarekani ya miaka ya 1970 ilikuwa na glasi mkononi. Hapo ndipo historia hii inaporudi Dallas. Sheria za Texas zilikuwa zimewazuia wenye migahawa kuuza pombe kali kwa glasi hadi wapiga kura walipolegeza jambo hilo, na mwaka 1971 ruhusa ikaanza kazi. Mariano Martinez, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, alifungua mgahawa akiwa na fomula ya baba yake ya margarita, kile kinywaji chenye chumvi ukingoni mwa glasi. Wateja walifurika, na mhudumu wa baa akaelemewa. Kila glasi ilihitaji kukamua ndimu, kupima tekila na kusaga barafu kwenye blenda, na kufikia saa nne usiku hakuna glasi iliyofanana na nyingine. Wateja wakalalamika. Asubuhi Martinez alipita duka la 7-Eleven, akaona watoto wakijimiminia sharubati ya barafu kutoka mashine, na akapata jibu.

Waliokuwa na mashine ile hawakukubali kumuuzia. Akatafuta mashine ya aiskrimu laini iliyotumika, na kwa msaada wa rafiki mwenye ujuzi wa kemia akahangaika na kiasi cha sukari, kwa sababu pombe haigandi kirahisi na sukari ikizidi kinywaji kinakuwa uji. Tarehe 11 Mei 1971 mashine ilitoa margarita ya kwanza. Hakuichukulia hataza. Katika miaka michache hakukuwa na mgahawa wa Kimeksiko Marekani uliokosa mashine inayozunguka polepole nyuma ya baa. Ya kwake iko leo katika jumba la makumbusho la taifa la historia, Washington. Mwenye mgahawa yeyote atakwambia kuwa faida kwenye kinywaji ni nene kuliko kwenye sahani ya nyama, kwa hiyo si kutia chumvi kusema kwamba kikapu kile cha chipsi za bure, chenye chumvi yake, kilikuwa kinalipiwa na mashine ya Martinez.

Mwanamke ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Ninfa Rodríguez Laurenzo. Alizaliwa mwaka 1924 huko Harlingen, katika bonde la mto Rio Grande, upande wa Texas. Aliolewa na Domenic Laurenzo, Mmarekani mwenye asili ya Italia, na wakaanzisha Houston kiwanda kidogo kilichotengeneza tortilla na unga wa piza, ndoa yao ikiwa imegeuzwa bidhaa. Mume alifariki mwaka 1969 akamwachia watoto watano na kiwanda kinachoyumba. Mwaka 1973, benki zikiwa hazina hamu naye, aliweka meza kumi upande wa mbele wa kiwanda, barabara ya Navigation, mtaa wa kazi karibu na bandari, na akaanza kupika.

Alichouza kilijulikana kwa kila Mmeksiko wa Texas ya kusini na hakikujulikana kwa karibu kila mtu mwingine. Kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe ya mpakani, siku ya kuchinja, vibarua wa Kimeksiko walipewa sehemu ya ujira wao kwa zile sehemu ambazo bwana hakuzitaka: kichwa, utumbo na nyama ya kiwambo, ule mshipi mrefu wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo. Kichwa kikawa barbacoa, utumbo ukawa menudo. Kiwambo ni kigumu, lakini kina ladha kuliko minofu mingi; kikipigwa, kikalowekwa kwenye ndimu, kikachomwa kwa moto mkali na kukatwa kwa kukingama nyuzi zake, kinalainika. Kinaliwa ndani ya tortilla ya ngano iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi. Nje ya mashamba, muuza nyama Sonny Falcon alikuwa ameanza kukiuza hadharani kwenye kibanda huko Kyle, Texas, mwaka 1969. Ninfa alikipa meza, mchuzi wa kijani wa parachichi, na uso wa mama anayepita kuuliza kama umeshiba. Houston nzima ikaja barabara ya Navigation: mawakili, wanasiasa, watu wa mafuta.

Nyama hiyo ikajulikana kwa jina la fajita, na hapo mwingine tena akaongeza chake. Mwaka 1982 George Weidmann, mpishi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Austin, aliileta mezani juu ya sahani ya chuma iliyopashwa moto hadi nyama ikalia ikipita katikati ya wateja. Alitumia minofu laini badala ya kiwambo, jambo ambalo kwa mzaliwa wa mpakani ni sawa na kulipia hadithi na kuacha maana yake, lakini mauzo hayakujali. Sauti ile ilifanya kazi ambayo tangazo halifanyi: meza moja ikiagiza, meza tano zinageuka. Kampuni ya migahawa ya Chili's iliingiza fajita kwenye menyu yake katika miaka hiyo hiyo, na wengine wakafuata mbio. Bei ya kiwambo, chakula cha vibarua, ikapanda mara kadhaa ndani ya muongo mmoja, hadi wajukuu wa wale waliopewa kama ujira wakashindwa kukinunua. Ninfa mwenyewe alipanuka hadi matawi kadhaa, kampuni ikalemewa na madeni, ikafilisika katika miaka ya 1990 na kuuzwa nje ya familia. Alifariki mwaka 2001. Jina lake bado liko mlangoni pale Navigation, chini ya wenye mali wengine.

Kufikia hapo vipande vyote vilikuwa tayari, na waliokuwa na mitaji walivichukua. El Torito ilikuwa mfano wa mapema: Larry Cano, mtoto wa Wameksiko na rubani wa vita vikuu vya pili, alikuwa ameanza mwaka 1954 huko Encino, California, kwa kugeuza baa iliyopambwa kama visiwa vya Pasifiki kuwa mgahawa wa Kimeksiko. Mwaka 1976 aliiuza kwa W. R. Grace, kampuni ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kemikali. On the Border ilianza Dallas mwaka 1982 na ikanunuliwa na Brinker, wamiliki wa Chili's, mwaka 1994. Chevys ilianza California mwaka 1986. Huko kaskazini Chi-Chi's ilikuwa imeshika majimbo ya maziwa makuu na Pennsylvania, ikifungua kando ya maduka makubwa ya vitongojini, palipo na maegesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 salsa iliipita kechapu kwa mapato ya mauzo katika maduka ya Marekani. Habari hiyo ilitangazwa kama kichekesho, lakini ilikuwa taarifa ya ushindi.

Walipofikia kufanana, wakapelekana mahakamani. Taco Cabana ya San Antonio iliishtaki Two Pesos ya Houston kwa kuiga mandhari yake: rangi kali, michoro ukutani, vinyago, veranda ya kulia nje yenye milango inayoinuliwa. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na Taco Cabana, ikisema kuwa sura ya mgahawa ikiwa ya kipekee kwa asili yake inalindwa na sheria hata kabla ya kuthibitisha kuwa umma umeizoea. Mwaka uliofuata aliyeshinda alimnunua aliyeshindwa. Hivyo rangi za sherehe za kijiji cha Meksiko zikapata mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa kijiji.

Wakosoaji walikuwepo. Diana Kennedy, mwanamke mzaliwa wa Uingereza aliyezunguka Meksiko kwa miongo mingi akikusanya mapishi, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1972 na hakuficha dharau yake kwa sahani zilizozama kwenye jibini na bizari. Alikuwa na haki ya kutetea jikoni alizozijua. Upishi wa jadi wa Meksiko, wenye mahindi yanayochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010. Lakini sisi tuliopokea mahindi na pilipili kutoka upande huo wa dunia, tukapika ugali na kachumbari bila kumuuliza mtu, hatuna msimamo imara wa kumhukumu anayebadilisha. Waliodharauliwa kwa jumla moja pamoja na kampuni walikuwa pia akina Adelaida na Lucia, ambao walipika vile kwa sababu waliishi pale. Wameksiko wenyewe walitoa hukumu yao kwa utulivu: Taco Bell ilijaribu Mexico City mwaka 1992, ikajaribu tena Monterrey mwaka 2007 ikiwa na viazi vya kukaanga kwenye menyu, na mara zote mbili ikafunga.

Chi-Chi's iliuzwa na kununuliwa na kampuni kadhaa, wateja wakaanza kuhamia kwingine, na Oktoba 2003 ikatangaza kufilisika. Wiki chache baadaye watu waliokula kwenye tawi lake la Monaca, karibu na Pittsburgh, walianza kuugua homa ya ini aina ya A. Uchunguzi ulifuata njia ya vitunguu vya majani vilivyotoka Meksiko, vikakatwa na kuchanganywa kwenye salsa ile iliyoletwa mezani bure. Waliougua walizidi 600 na angalau watatu walifariki. Ulikuwa mlipuko mkubwa kabisa wa ugonjwa huo kutokana na mgahawa mmoja nchini humo. Idara za afya, ambazo miaka 60 kabla ziliwafukuza wanawake wa San Antonio kwa hofu ya vyombo visivyooshwa, zilipanga foleni za chanjo kwa maelfu ya wateja wa kampuni yenye majiko ya chuma cha pua na miongozo iliyochapishwa.

Mwaka 2004 matawi yaliyobaki Marekani yalifungwa. Outback Steakhouse ilinunua majengo na viwanja 76 kwa dola milioni 42.5. Mapishi na jina havikuwa kwenye mkataba; mnunuzi hakuvihitaji. Nadhani hiyo ndiyo tathmini ya wazi kuliko zote ya kilichokuwa na thamani katika biashara hii machoni pa wenye fedha.

Jina lilibaki mikononi mwa Hormel, kampuni ya Minnesota inayojulikana kwa nyama ya kopo, ambayo iliendelea kuuza salsa ya Chi-Chi's madukani. Desemba 2024 ilitangazwa kuwa Michael McDermott, mwana wa Marno, angeirudisha migahawa hiyo Minnesota. Ili aandike mlangoni jina lililotoka nyumbani kwao, ilimbidi kwanza akubaliane na Hormel.